Mpiga dawa aliyechelewa kwake

Umande umekauka, upepo bado umelala, na Bomba yuko ndani ya jaruba la mpunga la mtu, matope magotini. Mgongoni ana bomba lenye lita kumi na sita za dawa ya ukungu, ugonjwa unaoozesha mpunga. Mkono mmoja unapiga pampu, mwingine unapuliza, naye anarudi kinyumenyume kama anayetoka chumbani kwa mkwe.

Jina lake halisi labda mkewe analikumbuka. Kwa wakulima yeye ni Bomba, mpiga dawa wa kukodiwa, na mahubiri yake ni yale yale: piga mpunga ukiwa na mimba, suke likiwa bado ndani ya bua.

"Suke likishatoka, ukungu ukalikaba shingo, hiyo dawa ni maji ya kuoshea maiti," anasema.

Ng'ambo ya mfereji kuna jaruba ambalo masuke yake ni meupe, yamesimama wima kwa maringo. Mpunga ulioshiba huinama. Huu umesimama kwa sababu tumboni hauna kitu.

Jaruba hilo ni la Bomba.

Msimu huu mvua zilikatiza kazi, kisha wateja wakamjia kwa mkupuo. Mkewe alimkumbusha kwamba mpunga wao nao umeshika mimba, akaomba basi wamkodi mpiga dawa mwingine. Bomba alicheka mpaka akakohoa.

"Nikamwambia, mimi Bomba nipigiwe dawa na mtu? Si watanitungia wimbo?" Anatazama matope. "Wimbo wametunga. Wali ndio hakuna."

Alipofika kwenye jaruba lake, shingo za masuke zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Alipiga hivyo hivyo. Mwaka jana walivuna magunia kumi na manane. Safari hii wanakadiria mawili, na watoto ni wanne. Mteja mmoja alimtania kwamba mganga hajigangi. Bomba akacheka naye, kisha akaendelea kupiga dawa.

"Mama watoto angegomba, ningelala usingizi," anasema. "Ananipakulia, ananiambia karibu baba, basi."

Mkewe yuko ng'ambo, katika jaruba lao, anakata mabua yenye ugonjwa ayachome. Kuhusu msimu ujao hana maneno mengi.

"Bomba nitalibeba mimi. Yeye aendelee na majaruba ya watu."

Mumewe, anapoelezwa maneno hayo, anafunga koki ya bomba na kutoka matopeni.

"Amesema hivyo? Nitamfundisha. Tutaanza na maji matupu, mkono uzoee, na barakoa nitamtafutia inayomkaa." Anaangalia ng'ambo ya mfereji. "Ila aje aniambie mwenyewe."