Shemeji alinicheka, sindano ikasimama

Leo mucheko wa shemeji yangu umeniokoa, wandugu!

Nililala hospitalini hapa Kasongo, nikingoja kupasuliwa ngiri. Dokta Mubelgiji alikuwa ameshainua sindano.

Mara shemeji, mudogo wa bibi yangu, akapiga kelele dirishani: “Bwana Penisilini! Leo usivimbe tena kama chura!”

Jina hilo alinipa yeye, siku sindano ya jipu kule Kabambare iliponivimbisha uso. Nililichukia kabisa!

Dokta akashusha mukono. “Penisilini inakuvimbishaka?”

“Sana, Bwana. Hata pumzi ilikosa.”

“Na unanyamaza? Hii hapa ni ileile!”

Akatafuta dawa ingine.

Nimepasuliwa, niko muzima, ninacheka mpaka mushono unauma.

Ninyi mashemeji zenu wanawaitaka nani?

Shemeji, niite tena. Kasongo yote isikie!