Gauni la Kipaimara

Nyumbani kwangu Moshono kuna chumba ambacho hakijawahi kulaliwa na mtu. Kina kitanda cha futi tatu na nusu, neti ya rangi ya waridi, na pazia la vipepeo nililolishona mwenyewe. Fundi seremala aliyenichongea kitanda aliniuliza mtoto ana miaka mingapi, nikamjibu saba. Sasa ana kumi na minne, na godoro bado liko kwenye nailoni yake. Wageni wakiuliza, nawaambia ni chumba cha binti yangu, yuko shule ya bweni. Mwongo mimi. Binti yangu yuko kwa mama yangu, juu huko mlimani upande wa Wameru, mahali ninapoweza kwenda na kurudi kabla chai ya asubuhi haijanitoka tumboni.

Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, bila ndoa. Baba yake alikuwa na haraka zake, sitampotezea maneno. Usharika wetu ulikuwa na utaratibu ambao kila mtu aliujua: binti akizalia nyumbani hutengwa, na ili arudi kundini lazima asimame mbele siku ya Jumapili, waumini wote wakimtazama, atubu. Ndipo anampeleka mtoto wake kubatizwa. Mimi nikagoma. Hasira zangu zinajulikana tangu shule ya msingi. Nilimwambia mama kwamba aliyenipa mimba hajasimamishwa popote, kwa hiyo na mimi sisimami. Mama hakunibembeleza. Jumapili akamvalisha mtoto, akampeleka mwenyewe, akabatizwa mikononi mwake. Mimi nilibaki kwenye migomba nakata majani ya ng'ombe, nasikia kengele ya kanisa, najiona nimeshinda.

Mtoto alipoacha ziwa nikashuka mjini kujifunza cherehani. Nilisema naenda kujipanga, nikishajipanga namchukua. Kwanza sikuwa na chumba. Nikapata chumba, lakini choo kilikuwa cha nje, cha wapangaji wote, nikaona si pa kumleta mtoto wa kike. Nikapata chenye choo ndani, shule ikawa mbali. Kila sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo ubaya wake. Wanawake wa kijijini wakinitupia ile methali yao, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nawajibu kwamba nalea, sukari na sabuni zinazopanda mlimani kila mwezi hazijitumi zenyewe. Nilikuwa na mdomo mimi!

Wadogo zangu wawili walikuwa wakiniita dada, naye alipoanza kusema akaniita dada. Jina la mama akampa bibi yake. Siku ya kwanza tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nikasema akikua kidogo nitamrekebisha. Akaota meno, akaanza chekechea, akajua kusoma, na mimi kila nikipanda naletewa kigoda na kikombe cha maziwa ya mgando, naulizwa habari za mjini. Mgeni kabisa.

Mwaka ule wa kitanda nilikwenda kumchukua. Nilikuwa nimemtafutia shule, begi jipya liko mkononi. Akaniuliza kama mama naye anakuja. Nikamwambia hapana, mama anabaki. Akaliweka begi chini taratibu, akatoka, na tulipomtafuta tulimkuta nyuma ya banda la ng'ombe amekumbatia nguzo kwa mikono miwili. Hakulia. Angelia labda ningembeba hivyo hivyo, watoto wanalia na wananyamaza. Mama akasema nisimlazimishe, nije likizo. Nikaja likizo, nikaja na nyingine, hadithi ikawa ile ile. Nikaacha kuuliza.

Kazi yangu ni kushona sare za shule, kibanda changu kiko Kimandolu. Vipimo vyote naandika kwenye daftari: mabega, kifua, kiuno, urefu, na kando yake jina la mama wa mtoto, ili nguo ikiwa tayari nijue nampigia nani. Nusu ya watoto wa Kimandolu wamo humo. Wangu hakuwamo. Nguo zake nilikuwa nashona kwa jicho, maana jicho langu linasifiwa, na pia, niseme ukweli, nilikuwa naona haya kumzungushia tepu kifuani mtoto aliyenizoea kwa mbali hivyo.

Basi mwaka huu mama akanipigia simu kuniambia mtoto anapata kipaimara. Kanisani kwetu mchungaji anapomwekea mtoto mikono kichwani, mzazi husimama nyuma yake na kumshika bega. Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikakaa ndani peke yangu. Nilitaka bega lile. Sijawahi kutaka kitu hivyo maishani mwangu. Lakini aliyetengwa hawezi kusimama pale, na mimi nilikuwa bado nimetengwa, miaka yote hiyo.

Nikaenda kwa mchungaji. Jumapili ya pili nikasimama mbele pamoja na wasichana wawili wadogo wenye vichanga mgongoni. Mimi na umri wangu huu, mgongoni sina kitu. Nikatubu, nikasema kwa sauti kwamba nina mtoto na mtoto mwenyewe yumo humu kanisani. Watoto wa kipaimara walikuwa wamekaa benchi la tatu. Sikuthubutu kutazama upande ule. Nilijua amesikia, na nikajiambia kwamba kazi ngumu imekwisha. Baada ya ibada akanijia pale nje, akainamisha kichwa kama kawaida.

"Shikamoo, dada."

Nikaitikia marahaba.

Nikashona gauni. Kitambaa cheupe kizuri, lesi mikononi, zipu ya kufichwa mgongoni. Nilishona wiki nzima, wateja wakanung'unika, nikawaambia waende kwa mafundi wengine kama wana haraka. Asubuhi ya siku yenyewe nikapanda nalo limefunikwa vizuri. Akalivaa. Zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Nikavuta, akabana pumzi, nikavuta tena. Lilikuwa limepungua upana wa kiganja kizima. Fundi mimi, miaka kumi na mbili kwenye cherehani, nimemshonea mtoto wa likizo ya Krismasi iliyopita.

Mama akanisogeza pembeni. Akafungua kabati, akatoa gauni lingine jeupe, la kawaida tu, limeshonwa na fundi wa pale kijijini. Likamkaa sawasawa. Alikuwa ameliweka tayari muda mrefu, kimya kimya, kwa kuwa ananijua. Nilichukia, tena vibaya sana, na nisingeweza kusema ninamchukia nani.

Kanisani tulikaa pamoja, mimi na mama. Alipoitwa binti yetu, mama akanisukuma kiwiko. Akaniambia, "Simama. Ni wako."

Nikasimama, nikaenda mbele, nikaweka mkono begani kwake. Akageuza kichwa. Hakukunja uso, hakuutoa mkono wangu. Alinitazama mara moja, kisha akatazama nyuma yangu, kwenye mabenchi, anatafuta. Nikamjua anayemtafuta. Mchungaji alikuwa watoto wawili mbali na sisi. Nikarudi haraka kwenye benchi, nikamshika mama mkono, nikamwinua na magoti yake mabovu, nikamfikisha mbele. Nikamwachia bega. Mtoto akashusha pumzi, mabega yakalegea, nami nikarudi kukaa peke yangu. Watu walinitazama zaidi kuliko ile Jumapili ya toba.

Nyumbani walikuwa wamechinja mbuzi, turubai limejaa ndugu. Nikajificha jikoni kwenye sufuria la loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, nakoroga kisichohitaji kukorogwa. Mtoto akanifuata huko, amelikunja lile gauni langu mkononi. Akauliza kama linaweza kutanuliwa. Nikamwambia mshono hauna ziada, ila naweza kuongeza vipande ubavuni.

"Basi nipime," akasema.

Nikatoa tepu kwenye pochi. Akanishikia ncha moja. Nilimpima mabega, nikampima kifua. Ana mabega yangu, jamani, yaliyopanda upande wa kushoto. Nikiwa nimeinama nyuma yake, asikoweza kuniona, nikamuuliza kama aliyaelewa maneno yangu ya ile Jumapili.

"Niliyaelewa, nilikuwa najua tangu zamani," akasema. "Lakini mama ni mama."

Nikamwambia ainue mikono, nikampima kiuno na urefu. Nikatoa daftari nikaandika namba zote, polepole, kwa mwandiko mzuri, ukurasa mzima wa kwake. Pale kando, kwenye jina la mama, kalamu ikasimama. Yeye alikuwa anaangalia. Nikaandika jina la mama yangu, na namba yake ya simu. Ndiyo nitakayoipiga gauni likiwa tayari.