Vidole Kwenye Mwanga

Mtunza maabara wa chuo chetu hapa Kanduyi habebi chupa ya kemikali kwa kuishika shingo. Huiweka kwenye beseni lenye mchanga, akatembea nayo polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Kila asubuhi huvua pete yake ya ndoa na kuifunga kwenye ncha ya leso hadi kazi iishe. Mimi, mwalimu mgeni, nilimcheka mpaka siku nilipojimwagia anilini kwenye mkono wa shati. Ni kemikali ya kutengenezea rangi. Hupenya ngozi na kuharibu damu, hadi kucha zigeuke bluu. Yule mama wa polepole alinifikia kwa hatua mbili, glavu mikononi, akalirarua shati langu vifungo vikaruka.

"Mama, wanafunzi wanaona!"

"Aibu haiui mtu, mwalimu. Hii inaua."

Alinisugua kwa sabuni na maji robo saa nzima, kisha akanikimbiza hospitali. Jioni nilipotoka, nilimkuta bado amesimama langoni.

"Daktari amesema niko sawa," nikamwambia.

"Nimesikia. Si ulete vidole nione."

Akavigeuza kimoja kimoja kwenye jua, akashusha pumzi. Ndipo akafungua ncha ya leso, akavaa pete yake.