Lenzi Fupi na Kiboko wa Idsowe

Yule kiboko aliupita mtumbwi wa Ami Ubeid bila kuugusa.

Hilo ndilo lililonitia baridi, hata kabla ya damu.

Ami Ubeid alikuwa mbele yetu, karibu na yule mnyama kabisa. Mzee wa watu yuko peke yake, anatega nyavu zake. Kiboko akazama. Tukaona mapovu yanakuja, yakapita chini ya mtumbwi wa mzee kana kwamba haupo, yakanyoosha moja kwa moja kwetu.

Kama mtu anayeenda nyumba anayoijua.

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Swaleha. Kwetu ni Kipini, lakini studio yetu iko Garsen. Mimi na kaka yangu Mahadi tunapiga harusi, maulidi, picha za pasipoti, chochote kinacholeta unga. Wanyama tulianza kwa hamu tu. Ndege wa kwenye mabwawa, mamba wakiota jua, nyani wa msituni. Tukiweka mtandaoni, watu wanapenda.

Basi kambi moja ya watalii ikatutafuta. Walitaka picha za viboko wa Tana, kubwa, za kutundika ukutani. Zikiwapendeza, tunapewa kazi ya msimu mzima.

Shida ilikuwa vifaa.

Tulikuwa na kamera moja kuukuu na lenzi ya harusi. Lenzi ya harusi ni tamu kwa bibi harusi aliyekaa mbele yako. Kiboko aliye katikati ya mto ukimpiga nayo anatoka kama jiwe lenye masikio.

Akiba yetu ilitosha kitu kimoja tu. Kamera mpya, au lenzi ndefu.

"Lenzi, Kaka," nikamwambia. "Tukae zetu ukingoni kwenye majani, tumvute kutoka huko. Kamera ni nzee lakini bado inaona."

"Inaona nini? Kiboko akifunua kinywa, hiyo bado inatafuta pa kushika, kama bibi anayetia uzi kwenye sindano." Mahadi akacheka. "Mpya inamdaka jicho hapo hapo. Halafu inapiga mfululizo, tatatatata!"

"Na akiwa mbali hilo jicho utaliona?"

"Tutasogea."

"Kiboko hasogelewi, Mahadi."

"Siz, hiyo niachie mimi."

Yeye ndiye mkubwa. Kwetu mkubwa akishasema, unanyamaza hata kama tumbo linakataa. Akaenda Mombasa, akarudi na kamera mpya, nyeusi, nzito, inanukia duka. Nikiri, nilipoishika nilisahau ugomvi kwa muda. Ni mashine.

Lakini mbele yake tukaifunga ile ile lenzi fupi.

Mahadi akaanza kwenda Idsowe kila alfajiri, mimi nabaki na duka. Alikuwa amempata Dhadho, mkulima wa pale mwenye mtumbwi, amvushe. Dhadho alikuwa Mpokomo mpole, wa maneno machache, akicheka hatoi sauti, mabega tu yanatikisika. Mkewe Kabibi tulikuwa tukijuana. Nilimpiga picha mtoto wao Nuriya alipozaliwa.

"Unafanya nini huko kila siku?" nikamuuliza kaka.

"Namsoma yule mnyama."

Picha za mwanzo zilikuwa takataka. Masikio na maji. Kisha ghafla zikaanza kuja nyingine, kiboko amegeuka, anatazama kamera, kinywa nusu wazi. Mimi nikadhani kweli kaka yangu ana kipaji cha kusoma wanyama.

Mwisho akaniambia, "Kesho twende wote. Kesho ndiyo kazi yenyewe."

Asubuhi hiyo mto ulikuwa umetulia, rangi ya chai ya maziwa. Mahadi akakaa mbele na kamera mpya. Mimi katikati na ile kuukuu kwenye stendi yake. Dhadho nyuma, amesimama na upondo wa kusukumia mtumbwi.

Ndipo yale mapovu yakatujia.

"Dhadho, rudisha nyuma," nikasema.

Niligeuka nikamwona uso umekuwa kama majivu.

"Rudisha!"

"Ngoja kwanza!" Mahadi akapiga kelele, jicho liko kwenye kamera. "Ngoja atoke!"

Akatoka.

Sijui niwaelezeje. Ni kama ukingo wa mto umeinuka. Kinywa kilifunguka nikaona koo jekundu na meno ya njano marefu kama pembe, na kamera ya kaka yangu ikaanza, tatatatata, na bado inalia alipotuinua.

Mtumbwi ulipasuka katikati. Nilisikia mti ukilia.

Nikaanguka majini, nikanywa matope, nikaibuka. Dhadho alikuwa ameshika kipande cha mtumbwi upande wangu wa kulia, anapiga miguu. Kiboko akageuka. Mahadi alikuwa karibu naye zaidi. Akamwacha.

Akamfuata Dhadho.

Alimkamata kiunoni. Mara moja tu. Dhadho alitoa sauti ambayo sijawahi kusikia mtu akiitoa, halafu ikakatika, na kiboko akamtikisa kama mbwa anavyotikisa kitambaa, akamwachia. Alichokiachia hakikuwa tena mtu mzima. Maji pale yakawa mekundu hadi shingoni mwangu.

Kisha akamrudia kaka yangu.

Akamshika paja. Mahadi akanyoosha mikono kwangu, akaita jina la mama. Nilikuwa nimeshika stendi ya kamera, sijui niliinyakua saa ngapi. Nikampiga yule mnyama puani. Nikampiga tena. Nikapiga na kulia na kutukana, chuma kikapinda mikononi mwangu, naye hata hakupepesa.

Lile jicho lililokuwa upande wangu halingeweza kupepesa. Lilikuwa limepasuka, jeupe, linatoka usaha.

Aliyetuokoa ni Ami Ubeid. Alikuja na mtumbwi wake akipiga kafi juu ya maji, akipiga kelele kama mwendawazimu, akamchapa kiboko mgongoni. Kiboko akafunua kinywa, akazama. Mzee huyo akatuvuta mmoja mmoja kwa nguo.

Dhadho alizikwa jioni hiyo hiyo. Sanda ilivuja wakiwa njiani.

Mahadi alipelekwa Malindi. Wakamkata mguu juu ya goti.

Askari wa wanyamapori wakaja kesho yake na bunduki. Walimpiga yule kiboko risasi nyingi kabla hajanyamaza. Walipomvuta ukingoni nilikuwepo. Alikuwa na matundu usoni, mabichi na makavu, pembeni mwa pua, chini ya masikio, na lile jicho.

"Hizi si alama za kiboko mwenzake," askari mmoja akasema. Akatutazama sote tuliosimama pale.

Sasa sikilizeni.

Kamera ilikuwa imening'inia shingoni mwa Mahadi muda wote ule, na kadi ikapona. Kutoka kitandani hospitalini akaichagua picha moja, akaiweka mtandaoni. Wengi wenu mmeiona. Kinywa wazi, meno, maji yameruka kama vioo. Akaandika: Mnyama huyu alimuua rafiki yangu na kuniachia ulemavu, lakini sitaacha kazi yangu.

Watu wakalia naye. Wakamwita shujaa. Ile kambi ikatuma pole na kusema wanaitaka hiyo hiyo ukutani.

Mimi pia nililia. Nikaisambaza.

Kisha Ami Ubeid akaja studio. Hajawahi kuingia humo. Akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Mwanangu," akasema, "wajua kwa nini yule mnyama aliniwata mimi, akanipita?"

"Bahati, Ami."

"Si bahati. Mimi hutega nyavu pale miaka na miaka. Twajuana mimi na yeye. Mtumbwi aliokuwa akiutafuta ni ule wa Dhadho." Akaizungusha kofia magotini. "Kila alfajiri nikiwaona. Dhadho ana upondo umefungwa chuma nchani. Amdunga, mnyama ageuka kwa hasira, kaka yako apiga picha. Kisha wakimbia. Siku ya pili, tena. Siku ya tatu, tena."

"Ami, usiseme hivyo."

"Mara ya mwisho chuma kilimwingia jicho. Niliwapigia kelele. Mahadi akanicheka, akanambia mzee tega samaki."

"Na mbona hukusema?"

"Dhadho amekufa. Maiti hasemwi." Akavaa kofia. "Lakini ile picha naiona kwa simu za watu, watu wasema mnyama ni mbaya. Nimeshindwa kulala."

Nilipanda gari la kwanza la Malindi.

Mahadi alikuwa ameegemea mto, anajibu salamu za watu kwenye simu. Nikamnyang'anya.

"Mlimdunga?"

Hakuuliza nani. Hapo ndipo nilipojua.

"Funga mlango, Swaleha."

"Mlimtoboa jicho?"

"Lenzi ni fupi!" Akafoka, na mishipa ya shingo ikamtoka. "Ulitaka nifanye nini? Kamera nimeshanunua, ningekuja kwako niseme ulikuwa sawa? Mimi siwezi kumfikia. Basi aje yeye! Asipokuja, picha inatoka wapi?"

Nilimpiga kofi. Kaka yangu mkubwa, mgonjwa, mguu umekatwa. Nikampiga la pili. Muuguzi ndiye aliyenishika.

"Kamwambie Kabibi," nikasema. "Wewe, kwa mdomo wako."

"Kaka yake ataniua."

"Basi nitamwambia mimi."

"Damu yako, Swaleha! Damu yako!"

Nikatoka.

Kabibi alikuwa ndani, yuko eda. Kenga, kaka yake, alikuwa uani anatengeneza jembe. Jitu kubwa, mkulima wa mihogo wa upande wa Minjila, tangu msiba hajaondoka hapo. Nilikaa mlangoni, Kabibi ananiona, Kenga ananisikia, nikasema yote. Sikuficha hata chuma. Sikuficha hata kicheko cha Mahadi.

Sikumaliza.

Mpini wa jembe ulinipata mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika, ta, kama kijiti kikavu. Nikaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Akanikanyaga mgongoni, akanipiga mbavuni.

"Mmemuuza shemeji yangu kwa picha!" Kenga alikuwa analia huku anapiga. "Kwa picha! Mkaja kula wali wa msiba! Leo mtazika wenu!"

Niliuona mpini umeinuka juu ya kichwa changu. Nikapiga shahada. Kusema kweli sikuomba anisamehe. Niliona ni haki yake.

"Muache!"

Kabibi alikuwa amesimama kizingitini.

"Rudi ndani, Kabibi!"

"Muache, Kenga. Kile chuma nilikinoa mimi."

Mpini ukabaki hewani.

"Unasema nini?"

"Nilikinoa mimi. Kwa tupa, hapo mlangoni, hapo alipolala huyo." Sauti yake haikupanda. "Yule mnyama alikula mahindi yangu mwaka jana, akayala tena mwaka huu. Nimelala na mtoto shambani nikipiga madebe, nikalia, hakuna serikali wala mtu aliyekuja. Dhadho aliponiambia mpiga picha anataka amchokoe, yeye mwenyewe hakutaka. Alisema yule mnyama ana kumbukumbu. Mimi nikamcheka. Nikamwambia wewe mwanamume gani."

Mpini ukaanza kushuka.

"Nikamwambia alenge jicho."

Alikaa chini pale kizingitini. Kenga akauachia mpini ukaanguka, akajishika kichwa, akaenda kusimama uso kwa ukuta.

Mwishowe Kabibi akaja, akararua leso yake, akanifunga mkono. Aliufunga vibaya na kwa upole sana.

"Utaandika?" akaniuliza.

"Niandike nini?"

"Watu wanamtukana yule mnyama kila siku kwenye simu. Nuriya atakua, atasoma. Andika. Na langu liandike, usiniruke."

Ndiyo maana mnasoma haya, nimeyaandika kwa mkono mmoja. Mahadi nilimpelekea maneno ya Kabibi jinsi alivyoyasema. Picha akaifuta, na ile kambi akawaambia wasiitundike. Polisi tumeshaandikisha maelezo, mimi na Ami Ubeid. Yatakayofuata na yafuate.

Najua humu ukurasani mwangu mna vijana wengi mnaoanza kazi hii. Kila siku mnaniuliza, dada, nikipata pesa nibadilishe kamera au nibadilishe lenzi?

Badilisha lenzi.

Na kama hata hiyo huna, mnyama yuko mbali na jua limeshapanda, mshukuru Mungu, ufunge mkoba wako, urudi nyumbani bila picha.