Karatasi ya Saba Ndani ya Kawa

Mpaka hii leo najiuliza na sipati jibu: siku ile nilitaka watu wa baraza yetu waseme kweli, au nilitaka waseme wao tu, mimi nisikilize?

Aibu ni yangu, basi heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wenye kuitia chumvi. Zilikuwa zile zama za siasa, Chake Chake, watu walipoanza kuulizana kabila kabla ya hali, na baraza yangu ya baada ya alasiri ikagawika, Waarabu mwisho huu, Washirazi mwisho ule, buli la kahawa katikati halijui limfuate nani. Mimi, msomi wa mtaa (nilikuwa na shahada kutoka bara, na sikuacha mtu aisahau), nikaona dawa ninayo: kila mtu aandike, bila jina, jambo moja lisemwalo nyumbani kwake juu ya kabila la mwenzake, aitie karatasi ndani ya kawa la kufunikia chakula, kisha Shehe Hamad, mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, atusomee, tuzungumze kiungwana.

Nami nikaandika yangu. Jirani yangu Nassor, Mwarabu niliyekua naye, alikuwa amemposea mwanawe binti yangu Zuwena, nikamjibu kwamba mtoto bado anasoma. Karatasini niliandika kweli yenyewe: nimemnyima kwa kuwa ni Mwarabu, naogopa Washirazi wenzangu watanicheka. Nikaikunja, nikajiona shujaa (shujaa asiye na jina, lakini shujaa).

Shehe akasoma sita. Watu walinuna, wakacheka, wakanuna tena. Nassor akakiri mwenyewe kwamba ile ya Washirazi kuwa wavivu wa kuchuma karafuu ni maneno ya mama yake. Dawa inafanya kazi, nikasema moyoni. Shehe akafungua ya saba, akaigeuza juu chini.

"Hii ina herufi za kizungu," akasema.

Wote pale tulijifunza kuandika chuoni, na Kiswahili chetu tulikiandika kwa herufi za Kiarabu, ila mkono wangu, kwa miaka ya shule na ofisi, ulikwenda kizungu bila kuniomba ruhusa. Karatasi ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiitazama kisha akinitazama mimi, mpaka ikanifikia.

"Tusomee, yakhe," akasema Nassor, bado anacheka. "Msomi ni wewe."

Ningeweza kudanganya (nilifikiria kusema ni orodha ya vitu vya dukani). Nikasoma. Nassor akaweka kikombe chini taratibu.

"Ungeniambia mwenyewe siku ile, ningekutukana, yangekwisha," akasema, akavaa makubadhi yake, akaondoka.

Nikaingia ndani, nikamwita Zuwena, nikamuuliza kama anamtaka yule kijana.

"Baba," akanijibu, "ndiyo kwanza leo naulizwa." Kisha, akitazama chini, akasema anamtaka.

Tangu hapo nimeapa sitamkaribisha mtu aje kuufunua moyo wake mbele yangu nami wangu nimeukunja.

Kwetu baba wa binti haombi. Huombwa, tena akipenda hujifanya hasikii. Kesho yake asubuhi, mtaa mzima ukinitazama, nilivaa kanzu na kofia, nikavuka njia, nikapiga hodi kwa Nassor, na alipofungua nikamwambia, kabla hatujamaliza kuamkiana, kwamba nimekuja kumwomba alete posa tena.