Jemadari wa Sebuleni

Mke wangu anasema vita vyote vikubwa vya dunia nimevishinda mimi, tena nikiwa nimelala kwenye kochi. Hakosei sana. Jioni nikirudi kutoka ofisini hapa Kibaha, natafuta kwenye televisheni zile makala za vita: viongozi wamezunguka ramani, chumba kimejaa moshi wa sigara, na mtu mmoja lazima aseme jeshi livuke mto au lisubiri. Anayesubiri namkaripia. "Unangoja nini, mzee? Vuka!" Mke wangu huniomba nimwache marehemu apumzike.

Basi mwaka jana ikaja posa kule Kibuta, kwa binti wa dada yangu. Kwetu baba anaweza kuridhika, mama akaridhika, na binti mwenyewe akawa anaimba jikoni, lakini mshenga hapewi jibu mpaka mjomba atamke. Mjomba ndiye mimi. Dada alinipigia simu, kisha akampa binti, naye akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo mjomba. Huyu nampenda. Naomba usichelewe."

Lilitakiwa neno moja tu. Mimi nikaona saa yangu imefika. Nilivaa kanzu mpya, nikaketi mkekani mbele ya mshenga, mzee mpole kutoka Mlandizi, nikakohoa kikubwa, nikasema jambo hili linahitaji kutazamwa kwa mapana na marefu yake. Niliipenda sana sentensi ile. Shemeji yangu alinitazama, kisha akatazama mkeka.

Mshenga akarudi mara ya pili. Nikamwambia bado tunatafakari. Tulikuwa tunatafakari nini, Mungu ndiye ajuaye. Habari za kijana nilikwisha kuziulizia: anaswali, analima, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli, hana ugomvi na mtu. Lakini kila nilipotaka kutamka niliogopa. Je, wakija kuachana, si watasema mjomba ndiye aliyetuponza? Nikajiambia haraka haraka haina baraka, na methali ile ikanipa usingizi mzuri.

Mara ya tatu mshenga hakuja. Nilipozinduka nikafanya kituko ambacho mjomba mwenye akili hakifanyi: nikaenda mwenyewe Mlandizi kuuliza kulikoni, mtu wa upande wa mwanamke kwenda kuwabembeleza waoaji. Bibi wa kijana alinikaribisha vizuri, akanipa chai na muhogo wa kuchemsha.

"Mwanangu, jibu mbona tulilipata zamani," alisema. "Mjomba akizungusha maneno, watu wazima tunaelewa. Tukashukuru hukututolea lugha mbaya. Kijana tumemwozesha Ijumaa iliyopita."

Muhogo niliumaliza wote, kwa kuwa sikujua niutemee wapi.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Kibuta, njia nzima nikitunga maelezo. Niliyatoa yote uani, nimesimama, jasho likinitoka: wajibu wa mjomba, uzito wa ndoa, vijana wa siku hizi. Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani alie au anitukane, walau nipate pa kushika. Aliuliza jambo moja tu, kwa adabu ile ile ya siku zote.

"Mjomba, ulikuwa na shaka gani naye?"

Sikuwa na hata moja.