Mtoto Niliyemtoa Kwenye Picha

Nilianza na kamera ya kuazima, nikipiga watu picha barabarani Majengo, nikaishia na studio yangu mwenyewe. Darasa la tatu ndio mwisho wangu, lakini wenye digrii walikuja kwangu kuambiwa wakae vipi na waangalie wapi. Nasema haya mjue nilikuwa mtu wa kusikilizwa. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Mwaka jana msichana wa chuo kikuu aliniletea bahasha. Alikuwa akitafuta familia zilizokimbia vita vya Somalia zikiwa na watoto walemavu, na njia yake ilikuwa picha za zamani. Anaangalia nani yumo na nani hayumo, halafu anauliza kwa nini.

Nilimcheka. "Binti, mtu kama hayumo kwenye picha, utamwonaje?"

Akatoa moja. Mama na watoto wanne, nyuma yao pazia langu la maua. Akaigeuza, muhuri wa studio yangu ukawa unanitazama.

"Mzee, mkono wa kushoto wa huyu mama umeenda wapi?"

Mkono ulikuwa umenyooka mpaka ukingoni, ukakatika kwenye kifundo.

"Ameshika kiti."

"Kiti gani? Viti vyote viko upande huu."

Fundi viatu wa mlangoni pangu, ambaye hakuna neno linalompita, akadakia: "Mzee wa picha, leo umeletwa kortini!"

Nikamwambia msichana nafunga. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Ule mkono haukushika kiti. Pembeni, juu ya stuli, alikaa mtoto wa tano, wa kike, miaka sita hivi, miguu haina nguvu. Walikuja wote wakiwa wameoga na kupakwa mafuta, wapigwe picha ya fomu za kwenda ng'ambo. Mimi ndiye niliyesema, "Mama, huyu muweke kando. Wazungu wakimwona watawakataa nyote. Nyinyi tangulieni, mkifika mtamwita." Hakuna ofisi iliyoniambia hivyo. Nilijitungia palepale, kwa sauti ya mtu anayejua.

Mama alikataa. "Ndugu yangu, huyu ni wangu."

"Mimi nimewapiga picha wangapi wakaenda? Wewe umepeleka wangapi?"

Akaisogeza stuli kando. Mtoto alipoanza kulia kwenye stuli, mama akanyoosha mkono amshike, nami nikabonyeza.

Walienda, mtoto akabaki na nyanya yake. Mama alipotaka kumwita, akaambiwa fomu yake na picha yake zina watoto wanne, huyu wa tano ametoka wapi? Nyanya alikuja mwenyewe studio kunieleza. Nikamwambia mambo ya serikali huchukua muda, nikarudi kwenye chumba changu cha giza kusafisha filamu. Kazi yangu haikusimama hata siku moja.

Siku tatu nilikaa na hilo swali la mkono. Ya nne nikampigia msichana simu, akaja, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinionyesha tu picha nyingine kutoka bahasha ileile, familia zilizomkalisha mtoto wao kiwete katikati kabisa, na wakasafiri naye. Heri angenigombeza.

"Yule binti anaishi mtaa wa Lucky Summer," akasema. "Anaamini mamake alimficha kwa aibu. Miaka yote hiyo mamake akipiga simu, hakupokea. Mama alifariki mwaka juzi. Mimi nikimwambia, ataona ni maneno ya vitabu. Aliyekuwepo ni wewe."

Tukaenda. Tulimkuta mwanamke mzima, yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, anashona buibui kwa cherehani ya mkono, maana ya kukanyaga haimfai. Alinijua kabla sijasema jina la studio. Nilimweleza bila kuzunguka: mamako alikataa, nikamshinda kwa maneno. Mimi ndiye niliyekutoa.

Alisimamisha cherehani.

"Nyanya alijua?"

"Alijua."

"Alinieleza, nikafikiri anamtetea mwanawe." Akavuta pumzi. "Na wewe, mzee, mama akiwa hai ulikuwa wapi?"

"Hapohapo studio. Niliogopa Majengo wataniona sijui kazi."

Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu: baada ya picha, walipokuwa wakitoka, mamake alimwambia nini? Yeye anakumbuka alibebwa, anakumbuka mama akisema naye sikioni, maneno hayakumbuki.

Nilitafuta kichwani. Taa nilikumbuka nilikoziweka. Lenzi nilikumbuka. Gauni la mama, la kijani, nililolalamika kuwa pichani litatoka jeusi. Ningeweza kutunga neno tamu akafurahi, kwa kutunga sijawahi kushindwa.

"Sikumbuki," nikasema.

"Basi kaa hapo mpaka ukumbuke."

Akashika mpini wa cherehani, akaendelea kushona. Msichana alifunga daftari lake akaenda. Nilikaa kwenye benchi mpaka adhana ya alasiri, na sikukumbuka.